Hela Yenye Tarehe

Kijijini kwetu mama yangu haitwi kwa jina lake. Tangu nilipoajiriwa anaitwa Mama Mwalimu, na jina hilo nililipenda kuliko yeye alivyolipenda. Ndilo lililonisimamisha mkutanoni Juni 2015 nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka mpaka leo masikio yanapata moto.

Kwetu ni Tandahimba, mkoa wa Mtwara, nchi ya korosho, muhogo na shida ya maji. Mimi nafundisha shule ya msingi huko Kahama, siku mbili za basi kupitia Dar es Salaam kama gari halijaharibika. Nilikuwa likizo. Nikakuta kijiji kizima kinaongea TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Jina lenyewe halikuwa geni, mfuko huo upo tangu mwaka 2000, ila sisi tulikuwa tunaujua kwa madarasa na zahanati. Safari hii walikuja na Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini: pesa mkononi, kila baada ya miezi miwili, kwa kaya ambazo wanakijiji wenyewe watazitaja. Watu hawakuamini. Uchaguzi ulikuwa Oktoba, kwa hiyo kuna waliosema ni hela za kura. Kuna waliosema ni za Freemason, ukizila unakufa mtu mmoja mmoja ndani ya nyumba. Nilicheka sana. Mimi ni msomi, nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kuziogopa, na haikuwa bora kuliko ya Freemason.

Mkutano ulifanyika chini ya mikorosho nyuma ya ofisi ya kijiji. Wawezeshaji kutoka halmashauri walianza kwa kuuliza: hapa kwenu mtu maskini sana mnamtambuaje? Watu wakajibu kwa vicheko, kisha wakaanza kujibu kweli. Anayekula mara moja. Anayelala kwenye nyumba ya nyasi inayovuja. Anayelea watoto wasio na wazazi. Anayelima vibarua vya watu shamba lake likiwa pori. Baada ya hapo wakagawana kwa vitongoji na majina yakaanza kutajwa, mbele ya kila mtu, moja baada ya jingine. Nadhani wanaotunga taratibu hizi hawajawahi kutajiwa mama yao namna hiyo. Ingawa, nikiwa mkweli, sijui njia nyingine ambayo kijiji kisingeiibia.

Kitongoji chetu kilipoanza, sauti ya mwanamke ikasema, "Mama Mwalimu." Pakawa kimya kidogo. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema, "Si ana mwalimu huyo?" Na yule mwanamke akajibu, bila ubaya wowote, "Mwalimu yuko Kahama. Yeye yuko hapa, na wajukuu wawili wa marehemu."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilivaa shati la mikono mirefu, nakumbuka, na saa. Nikasema mama yangu ana mtoto, mtoto ana mshahara, na fedha za serikali wapewe wasio na mtu. Watu wakapiga makofi. Mwezeshaji, kijana mwenye heshima zake, akamgeukia mama: "Mama, wewe unasemaje?" Mama alikuwa ameketi kwenye khanga, anachora chini kwa kijiti. Hakuinua uso. "Mwanangu ameshasema."

Jina likafutwa. Kabla ya hapo, katika mkutano uleule, mzee mmoja mwanajeshi mstaafu alikuwa amesimama akaomba jina lake liondolewe, akasema yeye pensheni anapata, nafasi yake apewe jirani. Alipigiwa makofi vilevile. Nikajihesabu mimi na yeye tumefanya jambo moja.

Usiku mama alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akanisimulia habari za mbuzi wa jirani. La mkutano hakuligusa. Mtu akikugombeza unajua pa kuanzia; asipokugombeza unalala na maneno yako mwenyewe.

Sasa niseme hesabu, maana bila hesabu hadithi hii haina uzito. Kwa viwango vya awamu ile, kaya iliyo kwenye mpango ilipata ruzuku ya msingi shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiwa na watoto inaongezewa 4,000, na kila mtoto wa shule ya msingi anayehudhuria 2,000. Juu kabisa kaya haikuvuka 38,000. Wajukuu wetu walikuwa darasa la pili na la nne. Kwa hiyo mama angepata 18,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kila malipo. Mwalimu mwenzangu niliyempigia hesabu hiyo alisema, "Elfu kumi na nane ndiyo nini?" Nikakubaliana naye kwa furaha. Elfu kumi na nane ni soda za wikiendi, na mimi namtumia mama ishirini, wakati mwingine thelathini.

Wakati mwingine. Hapo ndipo penye tatizo. Nilikuwa nimechukua mkopo benki nimejenga Kahama, na kila mwalimu anayesoma hapa anajua maana yake: makato yanapita kwanza, unabaki na ile theluthi ambayo sheria inakulindia, na theluthi hiyo ina ada, umeme, na rambirambi za wafanyakazi wenzako. Kuna miezi nilituma tarehe 25. Kuna miezi nilituma tarehe 8 ya mwezi unaofuata. Kuna miezi nilituma ujumbe wa kuomba radhi. Na nilipotuma elfu ishirini nilisahau ya kutolea, na bodaboda mpaka kwa wakala, kwa hiyo iliyomfikia mama ilikuwa kumi na sita.

Agosti 2016 mjukuu mdogo aliugua malaria kali akalazwa. Mama alinipigia tarehe 9. Nilimwambia, kwa sauti ya mtoto mwema, "Mama nivumilie, mshahara ukitoka tu." Akasema haya baba, Mungu ni mwema. Siku tatu baadaye akanipigia kusema mtoto anaendelea vizuri. Sikuuliza walilipa nini. Hili nimelirudia kichwani mara nyingi: sikuuliza.

Nilijua Desemba, niliporudi likizo. Msimu ule wa korosho ulikuwa wa ajabu. Minada ilifunguliwa kwa bei ya zaidi ya shilingi elfu tatu kwa kilo, jambo ambalo wazee walikuwa hawajaliona. Kijiji kimechangamka, watu wananunua magodoro, pikipiki mpya zinapita na nailoni bado kwenye kiti. Kila mtu anaulizana kama fedha za chama cha msingi cha ushirika zimeingia. Nikamuuliza mama na yeye stakabadhi zake ziko wapi, nimfuatilie malipo.

"Zangu ziliondoka zikiwa bado maua," alisema.

Wasio wa Mtwara na Lindi niwaeleze. Kuna kitu kinaitwa kangomba. Serikali inaikataza na kila msimu inaikemea, kwa kuwa korosho inatakiwa iende ghalani na kuuzwa mnadani. Lakini mtu mwenye shida mwezi wa saba au wa nane hana korosho, ana maua juu ya mti. Anakuja mtu mwenye fedha. Anakupa leo, wewe utamlipa korosho zikianguka, na kipimo ni bakuli au ndoo yake, mizani hakuna. Mama alipokea shilingi 40,000 siku ile mtoto amelazwa. Oktoba zikaondoka kilo kama sitini. Piga mwenyewe: kilo sitini kwa elfu tatu ni laki na themanini, kabla hujatoa makato ya ushirika. Na yale malipo ya TASAF niliyoyaita soda yangekuwa 36,000 kwa mkupuo. Pungufu ya elfu nne tu kufikia zile za kangomba.

Nilikaa kwenye kibaraza nikakosa la kusema. Akawa anabangua korosho chache za kula nyumbani, zile za kuchoma, vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda. Akaniambia jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya.

"Hela yako naipokea, mwanangu, Mungu akuzidishie. Ila haina tarehe."

Akanieleza taratibu, kama anavyomfundisha mjukuu. Jirani yetu, bibi mmoja mjane ambaye jina lake lilipita kwenye mkutano ule, alikuwa anapokea kila baada ya miezi miwili. Mwenye duka anajua. Kwa hiyo bibi yule akikosa unga, sukari, mafuta ya taa, anakopeshwa, anaandikwa kwenye daftari, siku ya malipo anapita dukani kabla hajafika kwake. Mtoto wake wa nyumbani akiugua, kuna watu watatu wa kumwazima, kwa kuwa wote wanajua fedha yake itafika lini. Alinunua kuku wanne, wakawa kumi na saba, mdondo ukawapunguza, akaanza tena. Mama alikuwa hakopesheki. Yeye ni Mama Mwalimu, akienda dukani anaambiwa, "Mama, wewe tena? Mpigie mwanao." Na akinipigia mimi, kila mara anaanza kwa salamu ndefu, kunisifu, kuulizia wakwe, kabla ya kufika kwenye unga. Mimi nilidhani ni mazungumzo. Ilikuwa ni kuomba.

Nilimkatalia asiombe serikali, nikamwacha aniombe mimi.

Kesho yake nilimsimulia yule mzee mwanajeshi, nikitegemea anifariji kama mtu tuliyekataa pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni. "Mimi nilikataa sahani yangu, Mwalimu. Wewe ulikataa ya mama yako."

Nilirudi Kahama na jambo jingine nililokuwa sijaliona. Masharti ya mpango yalikuwa kwamba watoto wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wapelekwe kliniki. Aliyejaza fomu za mahudhurio ni mwalimu. Mimi. Miaka yote hiyo nilikuwa nawajazia watoto wa walengwa, na kuna mama mmoja aliwahi kunifuata chini ya mti na khanga imelowa mvua: "Mwalimu, hakuwa mtoro, alikuwa na mimi mnadani, nilikuwa naumwa mgongo, alinibebea." Nilimjibu kwa ile sauti ya serikali, kwamba sheria ni sheria na elimu ni haki ya mtoto. Sikumwandikia uongo na sasa pia nisingemwandikia. Lakini sikumpa hata kiti. Nilimwona kama mtu aliyezoea kupokea. Aliyekuwa hajazoea kupokea, kwa mawazo yangu, alikuwa mama yangu, aliyekuwa wakati huohuo anapimiwa korosho kwa bakuli la mtu.

Nilifanya anavyofanya kila mwenye hatia: nikanunua mabati. Mwaka 2018 nilipunguza mambo yangu nikamwezekea nyumba. Alifurahi kweli. Mwaka uleule ndio ule wa korosho kununuliwa na serikali kwa shilingi 3,300 na wanajeshi kupewa kazi ya kuzibeba, na mwaka mmoja kabla yake mbaazi ilianguka bei baada ya India kuweka kikomo cha mbaazi za kuingiza nchini mwake, watu wakaiacha shambani. Nayataja haya kwa kifupi tu. Mwenye kulima hana tarehe. Hali hii kijijini kila mtu anaijua isipokuwa sisi tulioondoka.

Awamu ya pili ya mpango ilizinduliwa Februari 2020, na uandikishaji ulipofika kwetu mimi nilikuwa darasani Kahama. Mjomba ndiye aliyenipigia, na kwetu Wamakonde mjomba akipiga simu unatoka nje kupokea. Akaniuliza moja kwa moja: "Safari hii una neno?" Nikasema sina neno, Mjomba. "Vizuri. Maana ungekuwa nalo ungekuja kulisema kwangu."

Yeye ndiye aliyenisimulia mkutano. Jina la mama lilitajwa, yakaja yaleyale ya Si ana mwalimu huyo. Mama akasimama mwenyewe. Alisema, "Mtoto wangu ni mwalimu. Na mimi ni maskini. Yote mawili ni kweli." Akakaa. Mjomba anasema hakuna aliyepiga makofi, watu waliendelea tu na jina linalofuata.

Kikabaki kizingiti cha dodoso. Kutajwa na wanakijiji hakutoshi. Wanakuja nyumbani, wanauliza mnakula mara ngapi, mnachota maji wapi, mna redio, mna kitanda, ukuta wa nini, paa la nini, na majibu yanaingia kwenye kompyuta ambayo ndiyo inayopanga nani anafaa. Nilipata wasiwasi wa kipuuzi kabisa: kwamba mabati yangu ya hatia yatamtoa tena. Nilimpigia Mjomba mara mbili kwa siku moja. "Wameandika bati," akasema. "Wameandika na sakafu ya udongo, na godoro moja watu watatu. Tulia."

Aliingia. Wajukuu wakati huo walikuwa sekondari, wa kidato cha kwanza na wa cha tatu. Kuna wanaolipwa kwa simu. Yeye alitaka mkononi, akasema simu inakaa na mjukuu na mjukuu ana mahitaji yake. Siku ya malipo anavaa khanga nzuri kama anakwenda harusini, anatia dole gumba, anapita dukani, anapita kwenye kikundi chao cha kuweka akiba, kisha ndiyo anarudi nyumbani. Majirani wenye nguvu za kufanya kazi walipangiwa ajira za muda, kulima barabara na kuchimba lambo. Yeye umri umeshapita.

Simu zake zimebadilika. Hili sikulitarajia. Sasa ananipigia bila salamu ndefu. Anasema kuku ametotoa, anasema mbunge amepita, anakata. Mara ya kwanza nilidhani amenikasirikia.

Januari 2023 nilikuwa kijijini naondoka kurudi kazini. Januari kwa mwalimu mnaijua, mshahara wa Desemba umelipwa kabla ya Krismasi na umekwenda na Krismasi. Nilikuwa nimehesabu nauli vibaya. Nilipotoa fungu la kumwachia mama nikabaki na pesa ya kufika Dar es Salaam na si zaidi. Nikamwachia hivyohivyo, nikisema nitaazima kwa rafiki njiani. Alinitazama akazihesabu, akanirudishia zote. Kisha akaingia ndani, nikasikia mkebe unafunguliwa, akatoka na thelathini nyingine, noti za elfu mbili na tano zilizokunjwa ndogondogo.

Mdomo wangu ulifunguka kukataa. Umezoea. Nikaufunga, nikapokea kwa mikono miwili.

Mjukuu mkubwa, aliyekuwa nyumbani anasubiri matokeo ya kidato cha nne, ndiye mshika daftari wa bibi yake. Mama akamwambia, "Andika. Mwalimu, elfu thelathini." Akaandika. Akainua kalamu.

"Bibi, tarehe ya kurudisha niandike lini?"

Wote wawili wakanigeukia.